Uhuru: Setilaiti yenye jina la Kiswahili iliyofichua shimo jeusi

WAKAZI wengi wa jiji la Dar es Salaam, wawe wanasukumana katika msongamano wa Kariakoo au wanasubiri pantoni Kivukoni, wamekwisha kusikia habari za mashimo meusi ya angani. Wengine wamezisikia kwa watoto wao wanaosoma sekondari, wengine kwenye filamu, na wengine katika uvumi unaozuka kila baada ya muda kwamba dunia inakaribia kumezwa.

Ni wachache wanaofahamu kuwa kitu cha kwanza angani kukubaliwa na wataalamu kuwa ni shimo jeusi kilichunguzwa kwa undani na chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Setilaiti hiyo ilirushwa Jumamosi ya Desemba 12, 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya Ghuba ya Ungwana, karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya. Kutoka Bandari ya Dar es Salaam hadi hapo ni kilomita 440 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa njia ileile ambayo majahazi yaliipita kwa karne nyingi yakisukumwa na kusi kwenda Lamu.

Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Katika karatasi za Shirika la Anga la Marekani (NASA) chombo kiliitwa SAS-1, lakini msimamizi wa mradi huo, mhandisi Marjorie Townsend, aliamua kukipa jina la siku yenyewe kwa heshima ya wenyeji waliowapokea.

Kilikuwa chombo kidogo. Uzito wake ulikuwa kilo 142 hivi, yaani haukufika gunia moja na nusu la mahindi kwa hesabu ya gunia la kilo 100. Mzigo kama huo hauwashangazi wapagazi wa soko la Kariakoo, lakini gunia hilo moja na nusu ndilo lililobadili ramani ya mbingu.

Kwa nini pwani hii

Jukwaa la San Marco lilikuwa mradi wa Wataliano ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo, baadhi za Italia, baadhi za Marekani na moja ya Uingereza.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na mtu aliyesimama karibu na Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila mwenyewe kujua. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huipata kasi hiyo bure, na mbele yake kuna Bahari ya Hindi, ambako vipande vya roketi vinaweza kuanguka pasipo kumdhuru mtu.

Wanafalaki walikuwa na sababu yao nyingine. Chombo kinachozunguka juu ya Ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo moja lililo juu ya Bahari ya Atlantiki ya kusini, ambako chembe zenye umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini na kuvichanganya vipimo. Kwa kazi iliyokusudiwa, utulivu huo ulikuwa na thamani kuliko kasi ya bure.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani. Wengi wanazijua eksirei kutokana na picha za mifupa zinazopigwa hospitalini. Nyota na gesi zenye joto la mamilioni ya nyuzi hutoa eksirei pia, lakini angahewa ya dunia huzizuia kabisa zisifike ardhini. Ni heri kwa viumbe vyote, na ni kikwazo kwa anayetaka kuziona. Kabla ya mwaka 1970 wataalamu walitegemea roketi zilizopanda juu, zikachungulia kwa dakika chache na kuanguka. Kwa njia hiyo kundi lililoongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, liligundua mwaka 1962 chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua.

Uhuru haikuchungulia, ilikaa huko huko juu. Ikijizungusha taratibu, mara moja katika kila dakika 12, ilifagia anga kwa vipokezi viwili vilivyotazama pande zilizopingana. Iliendelea hivyo hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho ya kazi yake, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Vyanzo hivyo hadi leo huandikwa katika majarida ya kitaalamu kwa alama ya 4U ikifuatiwa na tarakimu. Herufi hiyo U ni ya Uhuru. Mwanafunzi wa Tokyo au wa Chicago anayeandika alama hiyo anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, pengine bila kulijua.

Nyota inavyokufa

Ili kuelewa kilichogunduliwa, ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwenye namna nyota inavyoishi.

Nyota ni tufe la gesi lililo katika mvutano wa pande mbili. Uzito wake wenyewe unaikandamiza kuelekea ndani, na joto la tanuri lililo katikati yake, ambamo hidrojeni inageuzwa kuwa heli, linaisukuma kuelekea nje. Maadamu kuna fueli, pande hizo mbili hulingana. Jua limekuwa katika hali hiyo kwa miaka takriban bilioni 4.6 na bado lina muda kama huo mbele yake.

Swali la nini hutokea fueli inapokwisha lilipata jibu lake la kwanza la maana melini. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alikuwa safarini kutoka Bombay kwenda Uingereza kusoma. Katika siku hizo ndefu za baharini alipiga hesabu na kuona kuwa masalia ya nyota iliyokufa yakizidi kiwango fulani cha uzito, hakuna kitakachoweza kuyazuia yasiendelee kujikunja. Kiwango hicho kinajulikana sasa kuwa ni mara 1.4 ya uzito wa Jua. Wakubwa wa fani hiyo walimbeza, na tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1983, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Nyota ndogo kama Jua hufa kwa upole, ikiacha kaa linalopoa polepole. Nyota kubwa, yenye uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua, hufa kwa kishindo. Tanuri lake hupika vitu vizito zaidi na zaidi hadi kufikia chuma. Chuma ndiyo mwisho wa safari, kwa sababu kukiunganisha zaidi hakutoi nishati bali huila. Moyo wa chuma unapozidiwa huporomoka katika muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje hurushwa angani kwa mlipuko unaoitwa supanova.

Mlipuko wa aina hiyo ulionekana kwa macho matupu Februari 1987, katika galaksi ndogo jirani iitwayo Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru takriban 168,000. Walioko kusini ya Ikweta ndio waliokuwa na nafasi nzuri ya kuuona. Mwingine, wa mwaka 1054, uliandikwa na Wachina, ambao waliiona nyota hiyo ngeni hata mchana.

Kinachobaki baada ya kuporomoka hutegemea uzito wa moyo ule. Usipozidi mara mbili au mbili na ushei ya uzito wa Jua, huwa nyota ya nyutroni, tufe la kilomita 20 hivi kwa upana ambalo kijiko chake kimoja kina uzito wa mabilioni ya tani. Ukizidi hapo, hakuna kinachojulikana kuweza kuuzuia. Moyo huo hujikunja hadi mvutano wake unakuwa mkali kiasi kwamba hata nuru, ambayo hakuna kitu kinachoishinda kasi, haiwezi kutoka. Hilo ndilo shimo jeusi.

Jina hilo linapotosha kidogo. Si tundu lililotobolewa angani, wala halifanani na mashimo ya barabarani yanayowatia madereva wa daladala hasira. Ni kitu chenye uzito kamili, kilichobanwa mahali padogo mno. Kama Jua lingeweza kubanwa hadi liwe shimo jeusi, nusu kipenyo chake kingekuwa kilomita 3. Duara lenye kitovu chake Mnara wa Saa, katikati ya Dar es Salaam, na upana huo, lingezunguka Kariakoo, Kisutu, Kivukoni na sehemu ya bandari. Jua zima lingeenea humo. Dunia nayo, pamoja na bahari zake zote, ingekuwa na ukubwa wa gololi.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba mabadiliko hayo yasingeivuta dunia. Kama Jua lingegeuka shimo jeusi leo, jambo ambalo haliwezekani kwa kuwa uzito wake hautoshi, kungekuwa na giza na baridi ya kuua, lakini dunia ingeendelea kulizunguka kwa mwendo uleule. Mvutano hutegemea uzito na umbali, na hivyo viwili vingebaki kama vilivyo.

Makofi ya Uwanja wa Uhuru

Miongoni mwa vyanzo ambavyo Uhuru ilivitazama kilikuwamo kimoja kilichogunduliwa kwa roketi mwaka 1964 na kuitwa Cygnus X-1. Kimo katika kundinyota ambalo mabaharia wa Kiswahili waliliita Dajaja, jina lililotoka kwa Waarabu na lenye maana ya kuku. Mwezi Agosti na Septemba, majira ya saa tatu usiku, Dajaja huonekana upande wa kaskazini kutoka Dar es Salaam, endapo taa za jiji zitamruhusu mtu kuona chochote.

Uhuru ilibaini mwaka 1971 kwamba eksirei za chanzo hicho hazikuwa tulivu. Zilipanda na kushuka ovyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa msomaji wa kawaida jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwa wanafalaki lilikuwa habari nzito, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi.

Mashabiki waliojaa Uwanja wa Uhuru wakiambiwa wapige kofi moja kwa wakati mmoja, aliyesimama pembeni hatasikia kofi moja kavu. Atasikia mrindimo, kwa kuwa sauti ya walio upande wa mbali itachelewa kumfikia. Uwanja ukiwa mkubwa zaidi, mrindimo unakuwa mrefu zaidi. Ndivyo ilivyo kwa nuru. Kitu kinachowaka na kufifia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi mwendo wa nuru kwa muda huo, yaani kilomita 30,000. Jua lina upana wa kilomita takriban milioni 1.4. Kilichokuwa kikiwaka huko Dajaja kilikuwa kitu kidogo sana chenye nguvu nyingi sana.

Kilichofuata kilifanyika ardhini. Darubini za redio zilionyesha mahali hasa chanzo kilipo, na hapo palikutwa nyota kubwa ya buluu inayojulikana kwa namba HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walipima mwendo wa nyota hiyo na kukuta inayumbishwa na mwenzake asiyeonekana, wakizungukana kila baada ya siku 5.6. Hesabu za uzito wa mwenzake huyo zilizidi kile ambacho nyota ya nyutroni inaweza kubeba.

Mwenzake haonekani, lakini anakula. Gesi ya nyota ya buluu humwagikia upande wake, ikizunguka kama maji yanayotumbukia kwenye mfereji, na kwa msuguano hupata joto la mamilioni ya nyuzi. Eksirei zilizopokewa na Uhuru zilitoka katika gesi hiyo kabla haijavuka mpaka usio na marejeo. Shimo lenyewe halitoi chochote. Kinachopiga kelele ni mawindo yake.

Wataalamu hawakuafikiana mara moja. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, huku akikiri kwamba alitamani ashindwe, kwani kazi yake ya miaka mingi ilitegemea kuwepo kwa mashimo hayo. Alikubali kushindwa mwaka 1990. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vinaonyesha kuwa shimo hilo lina uzito wa mara 21 ya Jua na liko umbali wa miaka ya nuru 7,200. Nusu kipenyo chake hakizidi kilomita 62 hivi, karibu na mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo.

Giacconi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Malindi haikuishia hapo. Setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile Oktoba 1974, iliona mwezi Agosti 1975 chanzo kipya kikiwaka ghafla hadi kuvipita vyanzo vyote vya eksirei nje ya mfumo wa Jua. Kiliitwa A0620-00, na mwaka 1986 kikathibitika kuwa na kitu kizito mno kuwa nyota ya nyutroni. Hivyo mashimo mawili kati ya yale ya kwanza kabisa kujulikana duniani yamepitia katika ghuba moja ya Waswahili.

Milipuko isiyo na kifani

Wakati Uhuru ikifanya kazi, Marekani ilikuwa na siri nyingine. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, ilirusha setilaiti ziitwazo Vela kuchunguza kama Urusi ya Kisovieti ilikuwa ikiuvunja. Julai 2, 1967 setilaiti hizo zilinasa mmweko wa miale ya gama, miale yenye nishati kuliko hata eksirei. Haukutoka kwa Warusi. Ulitoka angani, na mingine ikafuata. Habari hizo zilitangazwa hadharani mwaka 1973.

Kwa miongo miwili na zaidi wataalamu walibishana iwapo mimweko hiyo ilitoka karibu au mbali. Tatizo lilikuwa kwamba ilidumu sekunde chache na kutoweka kabla hajapatikana mtu wa kuielekezea darubini.

Jibu lilipatikana kwa msaada wa Malindi. Setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa Aprili 1996 kutoka Florida, ilizunguka karibu na Ikweta na kuteremsha taarifa zake kwenye antena za kituo hicho, takriban kila saa moja na nusu, kila ilipopita juu ya pwani ya Kenya. Februari 28, 1997 ilinasa mmweko, na saa nane baadaye ikageuzwa na kukuta bado kuna eksirei zinazofifia mahali pale, mfano wa moshi unaobaki baada ya mshumaa kuzimwa. Darubini za ardhini zikaelekezwa huko. Mwezi Mei mwaka huohuo mmweko mwingine ulipimwa umbali wake, na ikathibitika kuwa ulitoka mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa.

Kwa kuwa vilikuwa mbali kiasi hicho, nguvu zake zilikuwa za kutisha. Katika sekunde chache milipuko hiyo hutoa nishati kuliko ile ambayo Jua litaitoa katika maisha yake yote. Ile mirefu hutokana na nyota kubwa sana ambazo moyo wake huporomoka moja kwa moja kuwa shimo jeusi, na shimo hilo changa, likiwa linazunguka kwa kasi, hurusha nje ndimi mbili nyembamba za gesi kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Dunia huuona mlipuko pale tu ulimi mmoja unapoielekea.

Jumapili ya Oktoba 9, 2022, saa 10:17 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mkali kuliko yote iliyopata kurekodiwa ulifika. Nuru yake ilikuwa imesafiri miaka takriban bilioni 1.9, tangu wakati dunia ilipokuwa na viumbe vya chembe moja tu. Sehemu ya anga ulikotokea ilikuwa juu ya upeo wa macho wa Dar es Salaam, upande wa kaskazini mashariki. Miale yake ilianguka juu ya mapaa ya Kariakoo, meli zilizotia nanga na wavuvi wa Feri, na hakuna aliyehisi chochote, kwa sababu angahewa iliimeza. Vipimo vilionyesha hata hivyo kuwa tabaka la juu la angahewa, lile linalorudisha mawimbi ya redio ya masafa marefu, lilitikisika. Wataalamu wanakadiria kuwa mlipuko wa ukali huo huifikia dunia mara moja katika miaka 10,000 hivi.

Je, kuna hatari? Swali hilo ndilo huulizwa zaidi, na ndilo hutumiwa na wenye kutangaza kiama. Mlipuko wa jirani unaweza kuharibu tabaka la ozoni linalokinga viumbe dhidi ya miale mikali ya Jua. Lakini kwa supanova, jirani maana yake ni umbali wa miaka ya nuru makumi machache tu, na hakuna nyota inayojulikana ndani ya umbali huo iliyo tayari kulipuka. Ibuti la Jauza, nyota nyekundu iliyo katika Jabari, ambayo ilizua gumzo duniani ilipofifia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, italipuka siku moja, pengine baada ya miaka 100,000. Ipo umbali wa mamia ya miaka ya nuru. Itaonekana mchana, na hapo itaishia.

Isitoshe, dunia imewahi kupitia hali hiyo. Katika mashapo ya sakafu za bahari, Bahari ya Hindi ikiwemo, yamekutwa mabaki ya aina ya chuma ambayo hutengenezwa na supanova na ambayo huoza na kwisha baada ya mamilioni ya miaka. Mabaki hayo yalianguka kati ya miaka milioni 3.2 na milioni 1.5 iliyopita. Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959, aliishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita. Jamaa wa kale wa binadamu waliokuwa wakiishi katika nyanda hizo za kaskazini mwa Tanzania waliendelea na maisha yao chini ya vumbi la nyota.

Upande wa pili wa milipuko hiyo hutajwa mara chache. Chuma cha winchi zinazoshusha makontena bandarini kilipikwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla Jua halijakuwepo. Kuhusu dhahabu, fumbo lilikuwa kubwa zaidi hadi Agosti 17, 2017, pale mitambo ya Marekani na Italia iliponasa mitetemo ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130, na sekunde mbili hivi baadaye mmweko mfupi wa miale ya gama ukafika. Nuru iliyofuata ilikuwa na dalili za madini mazito yaliyokuwa yakitengenezwa pale pale. Sehemu ya dhahabu ya Geita, na ile inayopimwa kwenye mizani ya masonara wa mjini, huenda ilizaliwa katika ajali ya namna hiyo.

Jukwaa lililonyamaza

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco Machi 25, 1988. Baada ya hapo jukwaa lilibaki likipigwa na chumvi, na kazi ikahamia kwenye antena za nchi kavu.

Kenya ilianza kuudai mradi huo kwa namna nyingine. Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, Shirika la Anga la Kenya likaundwa mwaka 2017, na Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Roma, ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Nyingine, Taifa-1, ilirushwa Aprili 15, 2023. Ilirushwa kutoka California.

Hapo ndipo penye kidonda. Nchi ambayo pwani yake ilirusha chombo kilichofichua shimo jeusi ililazimika kupanga foleni ng'ambo ili setilaiti yake ipande. Katika makala za kitaalamu zilizotokana na Uhuru mwanzoni mwa miaka ya 1970 majina ni ya Wamarekani na wageni wao, kama Mjapani Minoru Oda aliyeongoza makala ya mwaka 1971 kuhusu Cygnus X-1. Pwani ilitoa mahali, hali ya hewa, vibarua na jina. Jina lilibaki, elimu ilikwenda na wenyewe. Tanzania haikuwa hata na mlango wa kubisha, ingawa anga ni ileile na katikati ya galaksi, penye shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4, hupita karibu na utosi wa Dar es Salaam katika kundinyota la Mshale, Kausi ya wazee wa pwani. Picha ya shimo hilo ilitolewa Mei 12, 2022, ikitengenezwa na darubini za mabara kadhaa. Hakuna hata moja iliyokuwa Afrika.

Desemba 2021 setilaiti nyingine ya Marekani na Italia, IXPE, ilirushwa kupima eksirei kwa namna ambayo Uhuru isingeweza, yaani mwelekeo wa mtetemo wake. Nayo huzunguka juu ya Ikweta, na kituo chake kikuu cha kupokelea taarifa ni Malindi. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuchunguzwa, Mei 2022, ilikuwa Cygnus X-1. Matokeo yalionyesha kuwa gesi yenye joto kali imetandazwa kama sahani kulizunguka shimo, haikusimama kama mnara juu yake, na yakamaliza ubishi wa miaka mingi. Taarifa hizo, kabla ya kusomwa popote pengine, ziliteremka kwenye antena za Ngomeni, mbele ya majukwaa ya chuma ambayo bado yamesimama majini.